Mgomba Uliozikwa kwa Niaba Yake

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Machi, alasiri, nilikuwa nimeketi katika hoteli ya jirani yangu mjini Malaba nikiwasomea wanawake wawili sura ya saba ya riwaya yangu ya taharuki. Mmoja alikuwa akikata sukuma wiki. Mwingine alikuwa akila.

Hoteli, kwa maana inayotumika huku kwetu, ni chumba chenye meza nne, mabenchi, jiko la kuni upande wa nyuma na kalenda ya kanisa ukutani. Ya jirani yangu ilitazama barabara kuu, mahali malori yanapopanga foleni kungojea kuvuka kwenda Uganda. Foleni iliposimama alipika zaidi. Iliposonga, wateja waliondoka wakitafuna. Tulikuwa tumepanga nyumba katika ploti moja, mlango kwa mlango, kwa miaka mingi. Mimi nilifundisha historia katika shule ya upili iliyo karibu, naye alinihifadhia chakula kila nilipokuwa na mitihani ya kusahihisha, na hatukuwahi kugombana ila kuhusu kamba ya kuanikia nguo. Hoteli yake haikuuza samaki, jambo ambalo madereva walilinung'unikia sana. Alisema samaki hunukisha mapazia. Hapakuwa na mapazia.

Aliyekuwa akila ni rafiki yetu muuza mitumba, mwanamke mwenye sauti iliyozoea kushindana na honi, ambaye siku za soko hupeleka marobota yake Busia. Hao wawili ndio waliokuwa wasomaji wangu wa kwanza, au tuseme wasikilizaji, kwa sababu mmoja alidai mwandiko wangu ni mdogo na mwingine alidai mikono yake ina mafuta.

Riwaya ilimhusu mwanamke aliyemtoroka mumewe. Mashua aliyodhaniwa kuwamo inazama ziwani, mwili wake haupatikani, watu wanaamini amekufa, naye anajificha katika mji wa mpakani akiwapikia madereva. Kazi ya upishi niliichukua kwa jirani yangu, kwa kuwa niliiona kila siku, na nilimwomba ruhusa. Aliniruhusu kwa sharti kwamba niandike chakula kilikuwa kizuri. Mengine yote niliyatunga. Mhariri wa kampuni moja ya vitabu jijini Nairobi alikuwa ameukubali mswada, akaniomba tu nimwongezee shujaa hatari. Aliandika kwamba hadi katikati ya kitabu hakuna kilichomtisha mwanamke huyu isipokuwa bei ya mafuta ya kupikia.

Sura ya saba ilikuwa jibu langu kwa mhariri. Ilieleza mazishi ya shujaa. Kwetu Usamia, mtu akipotea majini na mwili wake usipatikane, koo nyingine hukata mgomba, huuvika shuka kama maiti, huulilia, huuzika. Nilishuhudia hayo nikiwa msichana, alipopotea ndugu mmoja wa mama yangu upande wa Funyula. Niliuona mgomba ukikatwa asubuhi, na alasiri nikaulilia pamoja na wengine bila shida yoyote. Baada ya hapo marehemu ni marehemu. Akitokea tena, wazee hawakubaliani juu ya la kufanya: wengine husema achinjiwe kondoo kabla ya kukanyaga boma, wengine husema asirudi kabisa.

Nilipofika mahali ambapo wanawake wanauteremsha mgomba kaburini, muuza mitumba aliweka kijiko chini.

"Ngoja, mwalimu. Huyo mama ako wapi saa hiyo wanamzika?"

"Mpakani. Anapika chapati."

"Wanamlilia na yeye anapika chapati?"

"Hajui kwamba wanamlilia."

"Mimi ningejua. Mimi nikililiwa nitaskia, hata nikiwa Juba." Akamgeukia jirani yangu. "Si wewe pia ungeskia?"

"Mimi niko na mboga," alisema jirani yangu.

Dereva mmoja aliyekuwa meza ya pembeni aliingilia kati bila kualikwa. "Mwalimu, bwana yake atampata? Niambie haraka, laini inasonga."

"Bado sijaamua."

"Basi amua apatikane Eldoret, huko napitia Jumanne."

Wote walicheka. Jirani yangu naye alicheka, na kisu hakikusita. Baadaye, nilipoinuka kuondoka, niliona sukuma wiki ile imekatwa nyembamba mno, kama tumbaku, na kwamba aliyekuwa ameikata alikuwa bado anaendelea kuikata.

Kesho yake, baada ya kanisa, alinikuta nikianika mashuka.

"Nani alikuambia?"

Nilidhani anauliza kuhusu kamba. Nilimjibu kwamba zamu ilikuwa yangu.

"Mambo ya mgomba," alisema. "Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimetunga."

"Mwalimu, mtu anaweza kutunga jina. Anaweza kutunga nyumba. Mgomba hatungi."

Nilimweleza kuhusu ndugu wa mama yangu. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza kama huyo mjomba alikuwa mwanamke. Nikasema hapana. Akauliza kama aliwahi kuwapikia madereva. Nikasema hapana. Akashika ncha mbili za shuka nililokuwa nimelianika, tukaanza kulikunja, ingawa lilikuwa bado linatiririka maji, na tulipokuwa tukilikunja alinieleza.

Alikuwa ameolewa kandokando ya ziwa, karibu na Port Victoria, na mtu mwenye mashua. Mtu huyo alikuwa na nguvu na hakuzihifadhi zote kwa ajili ya kazi. Mara ya kwanza alipomkimbia, alirudi kwa wazazi wake. Mume akaja kumchukua kwa heshima zote, akanywa chai, na walipofika nyumbani akamvunja mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeuona mkono huo kwa miaka yote, jinsi usivyonyooka. Alikuwa ametuambia alianguka kutoka kwenye ngazi. Mume alimwahidi kwamba akitoroka tena atamfuata hata Kampala, na safari hiyo hatavunja mkono. Alikuwa ametaja shingo.

Mara ya pili hakuenda kwa wazazi. Alipata nafasi katika mashua iliyokuwa ikielekea visiwa vya upande wa Uganda, akapakia begi lake, kisha akashuka kwenda msalani, kwa sababu safari ilikuwa ndefu na alikuwa amekunywa uji. Mashua haikumngoja. Alisimama ufuoni akiitazama ikienda na nguo zake zote, na kwa kuwa hakuweza kurudi nyumbani wala kuogelea, alipanda pikipiki kwenda bara. Jioni alisikia akiwa Busia kwamba mashua ile imepinduka. Begi lilipatikana likielea. Miezi kadhaa baadaye mwanamke mmoja kutoka kwao, aliyekuwa amepanga naye chumba kimoja na ambaye sasa ni marehemu wa kweli, alimwambia kwamba wamemzika mgomba na kwamba watu walikuwa wengi.

"Nilifurahi kuskia walikuwa wengi," alisema.

Akachagua Malaba kwa sababu samaki wa Port Victoria huishia soko la Busia. Watu wa ziwa hawana haja ya kufika Malaba, na yeye hakuwa na haja ya kufika Busia. Hakupika samaki ili muuzaji wa samaki asipate sababu ya kuingia. Kitambulisho chake kilikuwa kile kile cha usichana. Hakuna aliyewahi kukifuta, kwani mgomba hauombwi kitambulisho. Kwa njia hiyo alikuwa amekaa salama hadi jirani yake alipoandika kitabu.

Nilimwahidi kwamba sitasoma tena hadharani na kwamba sura ya saba nitaibadilisha. Ilikuwa ahadi nzuri. Ilichelewa kwa nusu siku, kwa maana muuza mitumba alikuwa ameisikia sura hiyo Jumamosi na alfajiri ya Jumapili amekwenda soko la Busia, na yeye hakuwa mtu wa kukaa na kitu kizuri peke yake.

Alirudi kutoka Busia jioni ile ile akiwa na furaha kubwa.

"Mwalimu, stori yako imechukua soko! Nilipiga hiyo stori mpaka watu wakasahau kuuliza bei."

"Uliwaambia ni kitabu?"

"Nilianza bila kusema, halafu ikanoga. Ukisema ni kitabu watu wanaenda." Alikaa, akavua viatu. "Sasa skiza hii. Kuna mama wa samaki, wa kutoka Port, akasema, 'Huyo mtu tunamjua. Huyo alizikwa kwetu.' Akauliza huyo mama wa kupikia madereva ako mpaka gani, huu wa Busia ama ule wa Malaba. Nikamwambia Malaba. Si uliandika Malaba?"

Sikuwa nimeandika Malaba. Nilikuwa nimeandika mji usio na jina.

"Mwalimu, umewapata," alisema. "Wameamini kabisa."

Jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. Tulitazamana, tukakata shauri bila kusema neno kwamba huyu naye ni lazima aambiwe, la sivyo siku ya soko itakayofuata ataendelea na sura ya nane. Tulimwambia. Alilia kwa sauti iliyowafanya madereva wawili wasimamishe kula, akajipiga kifua, akaapa kwa watoto wake. Tangu siku hiyo hakusimulia tena chochote kuhusu mtu yeyote, na biashara yake ya Busia ilidorora kidogo.

Kisha tukangoja.

Katika riwaya, kungoja ni sehemu ninayoifahamu. Shujaa hutazama dirishani, husikia hatua, huzima taa. Jirani yangu aliamka alfajiri, akaloweka maharagwe, akafagia mbele ya hoteli, akawauliza madereva wanataka nini. Nikaona ni wajibu wangu, kama mtu aliyekuwa na mpango mzima wa kutoroka katika sura ya kumi na moja, nimpe ushauri. Shujaa wangu hunyoa nywele na kununua miwani. Nikampendekezea hivyo.

"Nikinyoa nywele wateja watauliza nani amekufa," alisema.

Nikamwambia aende polisi.

"Nimwambie OCS nini? Kwamba mimi ni marehemu?"

Nikamkumbusha kwamba Uganda iko pale, mtu huweza kufika akiwa amebeba sufuria.

"Mwalimu," aliniambia, "nilitoroka nikiwa na miaka ishirini na mbili. Magoti yalikuwa mazuri. Sasa niko na magoti haya, na maharagwe iko kwa maji. Nitatoroka mara ngapi?"

Shujaa wangu alikuwa na miaka thelathini, nami sikuwahi kufikiria magoti yake.

Aliyekuja hakuja usiku, wala mvua haikuwa ikinyesha. Alikuja Alhamisi mchana, jua likiwa kali, katika pikapu iliyobeba makasha ya samaki, na harufu ilimtangulia. Foleni ilikuwa imesonga na hoteli ilikuwa tupu isipokuwa mimi na rundo la insha za kidato cha tatu. Alikuwa mzee mwenye koti zito, na gambuti miguuni. Alipiga hodi, akatazama meza tatu zilizokuwa wazi, akaja kuketi kwenye yangu.

"Kuna samaki?" aliuliza kwa sauti, kuelekea jikoni.

"Hatupiki samaki," jirani yangu alijibu bila kugeuka. "Nyama iko. Maharagwe iko."

"Basi lete maharagwe. Samaki nimechoka nayo."

Baada ya muda alitoka na birika la maji na beseni, amsaidie mgeni kunawa. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Huwanawisha wateja amesimama, mkono mmoja kiunoni, huku akiitazama barabara. Siku ile alifika mbele ya mzee, na magoti yake, yale mabaya, yakajikunja yenyewe. Alipiga magoti sakafuni kama mke anavyompigia magoti kaka mkubwa wa mumewe, akainamisha kichwa, akaanza kumimina.

Sidhani kwamba alikuwa ameamua kufanya hivyo. Nadhani mwili ulimtambua mtu huyo kabla ya macho kufika usoni pake. Maji yaliendelea kumwagika juu ya mikono ambayo haikuwa ikijisugua, hadi birika likaisha.

"Simama, mama," mzee alisema mwishowe. "Hapa ni hoteli."

Akasimama, akarudi jikoni. Mzee alijipangusa mikono kwenye koti, kisha akanigeukia.

"Wewe ndio mwalimu wa kuandika?"

"Ndiye mimi."

"Hiyo stori yako imefika nyumbani. Imefika mpaka kwa mlango wa ndugu yangu. Akaniambia, nenda Malaba uangalie kama ni ukweli. Yeye mguu unamsumbua."

"Pole kwa mguu."

"Asante. Mikono haimsumbui."

Maharagwe yaliletwa, pamoja na ugali, na yalitua mezani bila kelele. Mzee alimega tonge, akalitazama.

"Wewe umesoma," alisema. "Niambie. Mtu amezikwa mgomba. Bwana yake amenyolewa, ametolewa ujane, ameoa. Bibi mpya amezaa, na watoto wamepewa majina ya wazee. Miaka imepita. Halafu mtu atoke Malaba aseme, mimi hapa. Hao watoto wamezaliwa juu ya nini?"

Nilimjibu kwamba sijui.

"Hata sisi hatujui. Wenye walikuwa wanajua walikufa. Mzee wa mwisho tulimzika mwaka jana." Akala. "Tukisema ako hai, itabidi kaburi ifunguliwe. Itabidi tuite watu wa upande wa Uganda, na wale wa Funyula, na kila mtu aseme yake, na mtoto akiugua malaria tutaambiwa ni ile mgomba. Na hiyo kaburi nilichimba mimi. Mgomba nilikata mimi. Ilikuwa nzito."

Alikuwa akizungumza na sahani. Hakuinua macho kuelekea jikoni hata mara moja, na kutoka jikoni hakukusikika hata kifuniko.

"Bibi ya ndugu yangu alikuwa mtu mzuri," aliendelea. "Alikuwa anapigwa. Nyumba yangu iko karibu, nilikuwa naskia." Akatafuna polepole sana maharagwe ambayo hayakuhitaji kutafunwa. "Sikutoka."

Lori lilipita. Lilipokwisha kupita, sauti ya jirani yangu ilitoka nyuma, tulivu, kama anavyomwambia mteja yeyote.

"Mzee, uongezewe supu?"

"Niongezewe kidogo, mama."

Aliongezewa. Safari hii alihudumiwa na mtu aliyesimama. Nilimwuliza mzee atamwambia nini ndugu yake.

"Nitamwambia nimeangalia. Nimepata mwalimu na kitabu ya uongo. Hiyo atakubali. Wanawake wa soko nitasema ni waongo, hiyo pia si ngumu, kila mtu anajua." Akafuta sahani kwa tonge la mwisho. "Lakini hiyo kitabu. Itatoka?"

"Mwaka ujao."

"Mgomba iko ndani?"

"Sura nzima."

"Na mama wa kupikia madereva?"

"Yumo."

"Sasa unaona. Maneno ya mdomo naweza kuzima. Hii ya kuchapishwa siwezi. Ndugu yangu hasomi, lakini watoto wamesoma. Watamsomea. Ataniita aniulize, wewe uliangalia nini? Halafu hatatuma mtu. Atakuja mwenyewe na mguu yake hiyo hiyo."

Aliinuka, akashukuru kwa chakula, akasema maharagwe yalikuwa na chumvi ya kutosha. Mlangoni alisimama akiwa ametupa mgongo.

"Kwetu mtu akizikwa, amezikwa," alisema, sijui kwa nani, akapanda pikapu yake akageuza kuelekea Busia.

Jirani yangu alitoka, akakaa mahali mzee alipokuwa amekaa. Mikono yake aliificha chini ya meza, kwenye aproni. Hakuniomba kitu. Alisema tu kwamba anajua nimekiandika kitabu kwa muda mrefu, likizo baada ya likizo, na kwamba kikichapishwa yeye atavuka, mradi ajue ni mwezi gani ili asiloweke maharagwe mengi.

Nilijaribu kwanza kukiokoa kitabu. Wiki zilizofuata nilimfanya shujaa kuwa fundi cherehani. Nilimhamisha kutoka ziwani nikampeleka mtoni. Niliuondoa mgomba nikaweka kaburi tupu lenye msalaba, na nikaona kwamba mume wa riwaya, asipokuwa na mgomba, hana sababu ya kuamini mkewe amekufa, wala msomaji hana. Kila toleo nililisoma kwa masikio ya mzee yule, na kila mara nilimsikia kijana fulani wa Port Victoria akimsomea baba yake na baba akisema, rudia hapo. Sikuwahi kuandika kitabu kilichowavuta watu namna hiyo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Ninayaandika haya sasa kwa sababu mwenye mashua amekwisha kufariki, kwa mguu ule, na amezikwa na mwili wake mwenyewe. Habari ililetwa na muuza mitumba, ambaye aliitoa kwa sauti ya chini sana hivi kwamba tulimwomba airudie. Jirani yangu aliendelea kuchambua mchele, akaniambia, "Sasa unaweza kuandika. Lakini usitaje jina ya mtu." Sijalitaja. Mzee wa gambuti pia alituma ruhusa yake, pamoja na ombi kwamba nisimwandike akiwa amevaa gambuti, ambalo kwa bahati mbaya lilifika nikiwa nimekwisha kuandika.

Wakati ule, hata hivyo, mwenye mashua alikuwa hai na mkataba wangu ulikuwa mezani. Mwisho wa Aprili nilimwandikia mhariri barua ifuatayo, nikaituma kwa basi la asubuhi la Nairobi.

*Kwa Mhariri Mwandamizi,*
*Kitengo cha Riwaya.*

*Bwana Mhariri,*

*MINT: KUUONDOA MSWADA WANGU*

*Ninaandika kuomba kwamba mswada wa riwaya yangu, ambao mliukubali mwaka jana, usichapishwe. Mkataba ambao haujatiwa sahihi naurudisha pamoja na barua hii.*

*Utaniuliza sababu, na nina hakika unastahili kuijua, lakini siwezi kukupa. Ninachoweza kusema ni kwamba haihusiani na kampuni nyingine, wala afya yangu, wala mapendekezo yako, ambayo yalikuwa ya haki na niliyafuata. Sura ya saba uliyoniandikia kwamba ilikufanya usilale ndiyo hasa inayonilazimisha kuandika barua hii. Ninakushukuru kwa kutolala.*

*Naomba mambo matatu. La kwanza, nakala zote mlizo nazo zichanwe. Najua katika ofisi kama yenu karatasi za kale hutumika kufungia vitabu vipya. Tafadhali zisitumike hivyo, hasa kwa vitabu vinavyosafirishwa kuja Magharibi. La pili, kama mmekwisha kuandika muhtasari wa kitabu kwa ajili ya orodha ya mwaka ujao, ufutwe, hata kama nafasi itabaki wazi. La tatu, mtu yeyote akiuliza kuhusu riwaya ya mwanamke aliyezama ziwani, awe mwalimu, mwanahabari au kijana anayesema anamtafutia baba yake kitabu, ajibiwe kwamba haikuwahi kuwapo.*

*Uliwahi kuniuliza kama ninao mswada mwingine. Sina. Ninaweza kuwaandikia kitabu cha marudio ya historia kwa kidato cha tatu, iwapo mtakihitaji. Hakitamfanya mtu asilale.*

*Samahani kwa kazi niliyokupotezea. Nilipokuwa nikimwongezea shujaa hatari kama ulivyoshauri, sikujua kwamba kuna mtu mwingine anayeipokea. Ameisoma barua hii kabla sijaifunga bahasha, akiwa na mafuta mikononi, na amesema hana la kuongeza ila niandike kwamba chakula ni kizuri. Nimemwambia hilo nalo haliwezekani.*

*Wako mwaminifu,*
*Mwandishi.*